Kariandusi na Somo la Ubongo Linaloanzia Mkononi

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wameingia Gredi ya 10 mwaka 2026, na kila mmoja wao amelazimika kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi ya jamii; au sanaa na michezo. Mpangilio huo una sababu zake, kwa kuwa shule haiwezi kufundisha kila somo kwa kila mtoto. Hata hivyo, umeipa nguvu mpya imani iliyokuwapo zamani, kwamba kuna watoto wa sayansi na watoto wa sanaa, na kwamba Mungu au maumbile aliwagawa hivyo tangu tumboni. Siku hizi imani hiyo imevishwa joho la kitaalamu. Wazazi huambiwa kwamba mwenye kipaji cha kuchora hutumia upande wa kulia wa ubongo na mwenye kipaji cha hesabu hutumia wa kushoto. Chanzo cha maneno hayo ni utafiti halali wa Roger Sperry, aliyetuzwa Nobel mwaka 1981 kwa kuwachunguza wagonjwa waliokatwa nyuzi zinazounganisha nusu mbili za ubongo ili kupunguza makali ya kifafa. Sperry alionyesha kwamba nusu hizo zina kazi zinazotofautiana. Lugha, kwa mfano, hutegemea zaidi upande wa kushoto kwa watu wengi. Hakuonyesha kwamba mtu mzima mwenye afya hutawaliwa na nusu moja. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichambua picha za ubongo za watu 1,011 wa umri wa miaka 7 hadi 29, wasiione hata dalili ya watu wa kushoto na watu wa kulia.

Anayetaka kuwafikishia wananchi sayansi ya ubongo katika Bonde la Ufa la kati anapaswa kuanza na uzushi huo, kwa sababu ndio unaoamua maisha ya watoto sasa hivi. Na hana haja ya kusafiri mbali kutafuta ushahidi wa kuukanusha. Ukipita Gilgil ukielekea Nakuru, upande wa mashariki wa Ziwa Elmenteita, kuna makumbusho madogo ya Kariandusi yaliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Msafara wa mwakiolojia Louis Leakey ulipatambua mahali hapo mwaka 1928, na uchimbaji uliofuata ulifichua mashoka ya mkono kwa mamia, mengine ya lava ngumu ya kijivu iitwayo trakaiti, mengine ya obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Umri wake hukadiriwa kuwa kati ya miaka laki saba na milioni moja. Walioyachonga hawakuwa binadamu kama sisi; walikuwa wa ukoo wa Homo erectus, wenye ubongo mdogo kuliko wetu. Ninachodai ni hiki: mashoka hayo ni kitabu cha kwanza cha sayansi ya ubongo kinachoweza kusomwa na mwananchi wa kawaida wa Elmenteita, na njia ya kukisoma ni sanaa. Simaanishi sanaa ya kupamba somo lililokwisha andaliwa maabara. Namaanisha kuchonga, kuchora, kufinyanga na kupiga mdundo kama njia yenyewe ya kujua ubongo unafanya nini.

Tazama kwanza jiwe lenyewe linadai nini kwa mchongaji. Jiwe la namna hii halikatwi; hugongwa kwa jiwe jingine hadi kibanzi kitoke, na kila kibanzi huacha kovu linalobadilisha pembe ambako pigo lijalo litatua. Pembe ikiwa butu mno, jiwe halibanduki. Pigo likitua ndani mno, kazi ya saa nzima huvunjika vipande viwili. Mchongaji analazimika kushika akilini umbo asiloliona bado, kutayarisha ukingo kabla ya kuupiga, kugeuza jiwe upande wa pili, kisha kurudi. Watafiti John Gowlett na Robin Crompton walipopima mashoka ya Kariandusi, na kabla ya hapo ya Kilombe, kaskazini magharibi mwa Nakuru, walikuta kwamba mashoka makubwa si mashoka madogo yaliyokuzwa tu. Uwiano hubadilika kadiri ukubwa unavyoongezeka. Sababu yake mwanafunzi wa sekondari anaweza kuikokotoa mwenyewe: ukiongeza urefu, upana na unene wa jiwe mara mbili kila kimoja, uzito wake huongezeka mara nane, na shoka la namna hiyo halishikiki kwa mkono mmoja. Wachongaji wa kale hawakujua kukokotoa, lakini mkono na jicho vilijua kusawazisha. Hapo sanaa ya umbo na hisabati ya uzito zilikuwa jambo moja, katika kichwa kimoja, karibu miaka milioni kabla ya yeyote kubuni mkondo wa masomo.

Kisha kuna ulinganifu. Mashoka mengi ya aina hii yana pande mbili zinazofanana kuliko matumizi yanavyohitaji. Anna Machin na wenzake walilijaribu jambo hili mwaka 2007 kwa kuchuna wanyama kwa mashoka yaliyofanana na yasiyofanana pande zake, wakakuta kwamba ulinganifu hauongezi ufanisi kwa kiasi kikubwa. Wataalamu bado wanabishana kwa nini basi wachongaji walijisumbua. Wako wanaodai ulikuwa ufahari, wako wanaodai ni matokeo tu ya namna ya kugeuza jiwe. Sihitaji kuamua ugomvi huo hapa. Linalotosha kwa mwalimu ni kwamba swali la uzuri limeingia katika sayansi ya ubongo kupitia jiwe la kuchunia nyama, na kwamba mtoto wa Gredi ya 7 anayeshika nakala ya shoka hilo anaweza kuliuliza swali hilohilo analouliza mtaalamu.

Ushahidi wa maabara nao umekuja, na umekuja kwa njia inayowafaa watu wa mikono. Tangu miaka ya 2000 Dietrich Stout na wenzake wamewafundisha watu wa leo kuchonga mawe kwa mbinu za kale huku wakipima ubongo wao. Waligundua kwamba kubandua vibanzi vya kawaida, kama walivyofanya wachongaji wa kwanza, huamsha zaidi maeneo ya kuona na kuongoza mkono. Kuchonga shoka kamili huongeza maeneo ya mbele yanayopanga hatua ndani ya hatua, likiwamo eneo linalolingana na lile la lugha upande wa pili wa kichwa. Utafiti wa kikundi hichohicho uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mafunzo marefu ya uchongaji hubadilisha hata nyuzi nyeupe zinazounganisha maeneo hayo kwa watu wazima. Waliopimwa walikuwa wachache, na hilo lisifichwe. Mwaka 2017 Shelby Putt na wenzake waliwavisha wachongaji kofia inayotumia mwanga kupima damu inavyotembea kwenye gamba la ubongo. Walikuta kwamba shoka la aina ya Kariandusi hukusanya pamoja kuona, kusikia, hisia za mkono, kumbukumbu ya muda mfupi na upangaji wa vitendo, katika mtandao unaotumika pia kupiga piano. Kusikia kumo kwa sababu mchongaji hodari hutambua kwa mlio kama jiwe lina ufa ndani. Kwa hiyo mtoto anayejifunza nyatiti au ngoma na mtoto anayejifunza kuunganisha mashine hawajatengana kichwani kama walivyotengana kwenye fomu ya kuchagua mkondo.

Mtu makini atasema hapa kwamba ubongo wa mwanafunzi wa leo si ubongo wa Homo erectus, na kwamba kupima huu hakutuambii yule alifikiri nini. Ni kweli kabisa. Mwaka 2003 huko Olorgesailie, kusini mwa Nairobi, palipatikana sehemu ya fuvu lenye umri wa takriban miaka laki tisa, katika tabaka zenye mashoka ya mkono, na nafasi ya ubongo wake ilikuwa chini ya sentimita za ujazo 800. Wetu huzunguka 1,350. Vipimo vya maabara vinatuambia kazi ile inadai nini kwa ubongo wa leo. Kwa wale wa kale ni makisio yenye msingi, yasiyo na uthibitisho. Raymond Corbey na wenzake walikwenda mbali zaidi mwaka 2016 wakauliza kama umbo la shoka halikurithiwa kwa sehemu kama wimbo wa ndege unavyorithiwa. Binafsi naona jinsi uwiano ulivyorekebishwa kulingana na ukubwa na aina ya jiwe ni vigumu kuelezwa kwa kurithi tu, lakini swali lao ni la haki. Na hapa ndipo nadhani elimu ya sayansi kwa umma hukosea mara nyingi: hupeleka majibu kijijini na kuyaacha maswali chuoni. Kariandusi inaruhusu kinyume chake. Mwananchi anaweza kuoneshwa jiwe, akaoneshwa kipimo, kisha akaambiwa wazi pale ambapo kipimo kinakoma.

Pingamizi la pili latoka kwa walimu wa sayansi wenyewe, na lina uzito zaidi. Wanasema shule za Gilgil na Elmenteita zinahitaji maabara, hadubini na kemikali, si watoto kucheza na udongo. Wanahofu pia kwamba sanaa italainisha somo hadi lisibaki na kitu. Hofu hiyo imejengwa juu ya mambo yaliyotokea. Mwaka 1993 utafiti mmoja mdogo uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo ulionyesha nafuu ya dakika chache katika mtihani wa maumbo baada ya kusikiliza Mozart. Muda si muda ulimwengu ukauziwa kanda za kuwafanya watoto wachanga kuwa werevu. Sanaa ilipotumiwa kama dawa ya ubongo, sayansi na sanaa zote zilidhalilika. Ninachotetea si hicho. Kuchonga hakuongezi akili ya mtoto kwa ujumla, na yeyote anayemwahidi mzazi hivyo anamdanganya. Kuchonga kunamfunza mtoto jambo mahususi: kwamba ujuzi ni mabadiliko ya kimwili, kwamba mpango hukaa mahali fulani kichwani, kwamba mkono hujifunza polepole na kwa makosa. Hayo ni mambo ambayo modeli ya plastiki yenye rangi nyekundu na buluu haimfunzi kamwe, kwa sababu modeli humpa majina ya sehemu bila kumpa kazi ya sehemu hizo.

Hata hivyo, wanaosema kwamba kutenda kunatosha nao wasishangilie mapema. Mwaka 2015 Thomas Morgan na wenzake walichapisha jaribio la watu 184 waliojifunza kubandua vibanzi kwa njia tano: wengine waliachiwa mawe na vibanzi tu, wengine walimwangalia mchongaji, wengine walifundishwa kwa vitendo vidogo, wengine kwa ishara, wengine kwa maneno. Waliomwangalia tu mchongaji walifanya vyema kidogo mno kuliko walioachiwa mawe. Waliofundishwa walipiga hatua, na waliofundishwa kwa maneno ndio waliofika mbali zaidi. Matokeo hayo yanagusa mtaala wetu mpya moja kwa moja, kwa kuwa wapo wanaodhani umilisi maana yake ni mwalimu kunyamaza na mtoto kukata karatasi za manila. Mkono bila neno hubahatisha. Somo la ubongo linalofaa Kariandusi lina mtu anayejua kuchonga, mtu anayejua ubongo, na lugha ambayo mtoto anaielewa: Kiswahili, Gikuyu, Kimaasai au Kikalenjin, kulingana na aliyeketi mbele.

Somo hilo lafanyikaje? Mashoka halisi hayaguswi. Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006 inalinda mabaki hayo, na hata vibanzi vipya vinavyochongwa na wanafunzi lazima vikusanywe vyote na kuondolewa, maana kibanzi kilichoachwa leo juu ya ardhi ya Kariandusi kitamdanganya mwakiolojia wa kesho. Obsidiani ina makali kupita wembe na vumbi la mawe haya ni hatari kwa mapafu, hivyo mwenye kuchonga jiwe ni fundi aliyefunzwa, nje kwenye hewa, akiwa na miwani na glovu, huku watoto wakiwa mbali. Wao wachonge waru (viazi) au kipande cha sabuni. Katika waru mtoto hukutana na tatizo lilelile la mpango: kata upande huu na utakuwa umeamua upande ule. Kabla ya kuanza, achore umbo analolikusudia. Akimaliza, achore lililotoka. Tofauti kati ya michoro hiyo miwili ndiyo mada ya somo la ubongo, na ndipo mtaalamu anapoeleza kumbukumbu, upangaji na urekebishaji wa makosa. Mchoro ulikuwa kifaa cha sayansi hii tangu mwanzo. Santiago Ramón y Cajal, aliyepata Nobel mwaka 1906 kwa kuonyesha kwamba ubongo umejengwa na seli zinazojitegemea, alitamani ujanani kuwa msanii, na michoro yake ya seli za neva bado huchapishwa vitabuni.

Kariandusi ina zawadi nyingine ambayo sijaona ikitumiwa ipasavyo. Karibu na makumbusho kuna machimbo ya daiatomaiti, udongo mweupe mwepesi ambao ni mabaki ya magamba ya viumbe wadogo wa majini walioishi ziwani wakati ziwa lilipokuwa kubwa na lenye kina. Hadubini moja ya shule inatosha kuyaonyesha magamba hayo, yenye maumbo yaliyopangika kiasi kwamba mtoto huyachora bila kulazimishwa. Kutoka hapo mwalimu anaweza kuingia katika hoja ya Martin Trauth na wenzake, waliopendekeza mwaka 2005 kwamba maziwa ya Bonde la Ufa yalijaa katika vipindi maalumu, kimojawapo kati ya miaka milioni 1.1 na laki tisa iliyopita, na kwamba mabadiliko hayo ya mazingira yaliathiri ukuaji wa jamii za kale za binadamu. Ubongo hauelezwi kwa ubongo peke yake; una ziwa lake, chakula chake na ukame wake.

Wasanii nao wasiitwe mwishoni kuchora mabango. Mfumaji wa kiondo anashika hesabu ya nyuzi kichwani bila karatasi, na mama wa Kimaasai anayetunga shanga anapanga mfuatano wa rangi kabla ya kuuona. Hao ni wataalamu wa upangaji wa hatua, na wana historia ndefu katika bonde hili: katika pango la Enkapune ya Muto, juu ya Naivasha, zilipatikana shanga za ganda la yai la mbuni zenye takriban miaka 40,000, na Olorgesailie ilitoa vipande vya mawe ya rangi nyekundu na nyeusi vyenye takriban miaka laki tatu. Wakae mezani wakati somo linapotungwa, walipwe kama mtaalamu kutoka chuo anavyolipwa.

Pingamizi la imani halikwepeki Kenya. Makavazi ya Nairobi yalipojiandaa kuonyesha mifupa ya Kijana wa Turkana, aliyegunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, viongozi wa makanisa ya kievanjelisti walipinga hadharani. Baadhi ya walimu hujibu hali hiyo kwa kuficha umri wa mawe ili wasiwaudhi wazazi. Hilo ni kosa, kwa mwanafunzi na kwa mzazi pia. Makovu ya pigo yanahesabika na muumini na asiyeamini, mfuatano wake unasomeka na wote wawili, na umri umepimwa kwa njia inayoweza kuelezwa. Mwalimu aeleze, asikilize swali, asimdhihaki aliyeuliza. Heshima ya namna hiyo haihitaji uongo.

Limebaki swali la manufaa, nalo ndilo gumu kuliko yote. Familia yenye mtoto wa kifafa huko Gilgil itafaidika nini na waru lililochongwa? Kilifi imetupatia jibu la uaminifu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokuwa na kifafa huko hawakuwa wakipata matibabu yanayostahili. Kisha likafuata jaribio la elimu kwa watu 738 wenye kifafa na wasaidizi wao, lililochapishwa mwaka 2014. Elimu ilipunguza imani za uchawi na dhana potofu kuhusu wagonjwa. Haikuongeza umezaji wa dawa uliopimwa katika damu, wala haikupunguza degedege. Anayeendesha elimu ya ubongo kwa jamii aisome taarifa hiyo kabla ya kuomba fedha. Elimu hupunguza aibu. Dawa, ukaribu wa zahanati na nauli ni mambo mengine, na hakuna mchoro unaochukua nafasi ya hayo. Lakini aibu iliyopungua si kitu kidogo. Mtoto aliyejionea kwamba kichwa chake hupanga, husahau na hurekebisha ana mahali pa kuliweka neno la daktari kwamba kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Asiye na mahali hapo ataliweka neno hilo kwenye mapepo, kwa sababu ndiko alikoelekezwa tangu utotoni.

Kwa hiyo programu yoyote itakayoanzishwa Kariandusi ipimwe. Wanafunzi waulizwe kabla ya ziara, baada yake, na tena muhula unaofuata: je, bado wanaamini ubongo wa kushoto na wa kulia? Wanaweza kueleza kwa mchoro hatua za kazi waliyoifanya? Wangekaa dawati moja na mwenzao mwenye kifafa? Ikiwa majibu hayakubadilika, somo libadilishwe au liachwe.

Wiki ya Ubongo, iliyoanzishwa mwaka 1996, huadhimishwa duniani kila mwezi Machi. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro na kina kitivo cha sayansi za afya. Makavazi ya Kitaifa yana watunzaji wanaoyajua mawe ya Kariandusi. Kaunti ya Nakuru ina wasanii na ina shule ambazo wanafunzi wake hupita kila siku mbele ya kibao cha makumbusho bila kuingia. Wakuu wa taasisi hizo tatu wakutane kabla ya Machi ijayo, watenge basi, mafundi wawili na magunia ya waru, na waanze na wanafunzi wa Gredi ya 9, ambao bado hawajajaza fomu ya mkondo.